Suruali ya Shemeji

Mwalimu wa fizikia hakuwa na heshima kwa mtu anayejaribu suruali akiwa amesimama wima. Suruali yoyote humkaa vizuri mtu aliyesimama wima. Hata gunia likitobolewa matundu mawili litamkaa, ilmradi asitembee. Mwamba haupandwi hivyo. Mwamba hupandwa goti likiwa karibu na kidevu, mguu mwingine umetupwa pembeni kama wa chura, na makalio yako hewani mbele ya macho ya yule aliyekushikia kamba. Kwa hiyo mtu akiingia dukani, akavaa, akajitazama kwenye kioo, akavuta tumbo ndani na kusema "safi", Mwalimu alimhesabu kuwa amekwisha kujieleza. Hakuhitaji kumjua zaidi.

Shemeji alikuwa mbele ya kioo tangu walipoingia.

Neno "shemeji" lilikuwa la mdogo wake. Ndoa yenyewe ilikuwa bado, na Mwalimu hakupenda kutumia neno kabla ya kitu chenyewe. Kichwani mwake alimwita Asubuhi Njema, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya huyu bwana: kuketi redioni kabla jua halijachomoza, kuwatakia watu asubuhi njema, kisha kuwatajia saa, jambo ambalo saa zao zingewatajia bila kuchangamka kiasi hicho. Mwalimu aliwafundisha watoto wa watu kwa nini vitu huanguka, na hakuna aliyewahi kumsimamisha barabarani amwombe aseme neno moja tu, asikie sauti. Asubuhi Njema alisimamishwa kila kona. Alikuwa amesimamishwa hata njiani kuja hapa dukani, na mwanamke aliyebeba ndoo ya plastiki, na alisema naye hadi ndoo ikawekwa chini.

"Unaonaje, dada?" aliuliza, akigeuka ubavu. "Jinzi hii. Ngumu kama ngozi ya kiboko. Hii haichaniki."

"Hapana," alisema Mwalimu.

"Hapana haichaniki, au hapana sivyo?"

"Hapana, usinunue."

"Sawa, mwalimu." Akapiga saluti kwenye kioo, akarudi nyuma ya pazia.

Muuzaji alicheka kama mtu aliyelipiwa kiingilio. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni ambao hakuutumia hata mara moja, na tangu alipoitambua ile sauti alikuwa akimvisha mteja wake kilemba cha ukoka bila kupumzika. Jinzi ilimpendeza. Kofia ambayo hakuiomba ilimpendeza. Hata soksi zake mwenyewe, alizokuja nazo, zilimpendeza.

Mwalimu angeweza kueleza kuhusu jinzi. Ni nzito, ikipata jasho hung'ang'ania paja, na mishono yake minene hukaa pale pale vinapokaa vitanzi vya mkanda wa kupandia, hivi kwamba mtu akining'inia kidogo tu anakuwa ameketi juu ya kamba mbili ngumu. Haya yalikuwa mambo ya kweli na yalichukua sekunde chache kuyasema. Hakuyasema. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili angeuliza.

Hakuwa amekuja kwa kupenda. Mdogo wake, muuguzi, ndiye aliyemtuma. Alikuja jikoni kwake mapema wiki ile akiwa bado na sare, akala akiwa amesimama kama wauguzi wanavyokula, na kusema kati ya tonge na tonge:

"Dada, Jumamosi napanda Ukuta na yeye."

Mwalimu aliendelea kuosha kikombe kilichokwisha takata. "Ukuta. Na mtu wa redio."

"Na mume wangu mtarajiwa. Amefanya mazoezi na mimi kwenye ukumbi wa kupandia tangu kiangazi kianze, na umemwona mwenyewe. Anashika kamba vizuri kuliko wewe ulipokuwa unaanza."

"Nilipoanza mimi hapakuwa na wa kunifundisha."

"Ndiyo maana nasema!" Mdogo mtu akacheka, kisha akaacha. "Usinune, bwana. Nimepanda na wewe miaka yote. Hii ya mwisho nataka nipande naye."

Ilikuwa ya mwisho kweli. Uhamisho wa mdogo wake ulikwisha toka. Hospitali mpya ilikuwa mbali, kwenye nchi tambarare kama meza, ambako jiwe kubwa kuliko yote ni lile la kuzuilia mlango. Baada ya harusi wangehamia huko. Mawingu ya mvua yalikwisha anza kukusanyika, na mvua ikishanyesha Ukuta, ule mwamba mrefu, hauguswi hadi msimu mwingine: unaota utelezi, na mwamba wenye utelezi haumjui mama wala mjomba. Kwa hiyo muuguzi alikuwa na Jumamosi moja, na katika Jumamosi hiyo alikuwa amemchagua mtu wa upande wa pili wa kamba yake.

"Ila ana bukta tu," aliongeza. "Pale kwenye ufa, unapopachika goti, atachubuka mpaka aone mfupa. Mpeleke akanunue suruali. Mimi niko zamu hadi Ijumaa. Nani anajua suruali kama wewe? Ukishaipitisha wewe, mimi nalala usingizi."

Ndipo Mwalimu akawa hapa, amekalia kiti cha wateja, anamtazama Asubuhi Njema akitoka nyuma ya pazia na suruali ya pili.

Hii ilikuwa ya mifuko. Ilikuwa na mifuko mapajani, mifuko nyuma, na kimfuko kimoja karibu na kifundo cha mguu ambacho kazi yake haikujulikana na yeyote aliyekuwa dukani. Chini ilipanuka kama kengele.

"Humu naingiza nyumba nzima," alisema Asubuhi Njema kwa furaha. "Na mke."

"Mifuko ya nyuma utaikalia ukining'inia. Na huko chini huioni miguu yako. Utakanyaga wapi kama huoni unapokanyaga?"

Alitazama chini. Kweli, viatu vilikuwa vimetoweka. "Ee, nimekatwa miguu! Mwalimu, wewe ni hatari. Ningekwenda huko kama jini."

Mwalimu aliona kwamba amesaidia, na hakupenda. Mtu huyu alikuwa na tabia ya kushukuru inayochosha. Ukimpa kweli moja anaipokea kwa mikono miwili kama peremende. Aliinuka akaenda kutembea mwisho wa duka ili asione tena kioo.

Huko ndiko alikoiona.

Ilining'inia mwisho kabisa wa reli, nyuma ya makoti ya mvua, ya rangi ya udongo uliokauka, haina umbo la kumvutia mtu. Aliibana kwa vidole viwili akaisugua. Kitambaa kilikuwa kigumu bila kuwa kizito, na alipokivuta kilikubali kidogo, kisha kikarudi mahali pake. Aliigeuza. Kwenye msamba, pale miguu miwili inapokutana, hapakuwa na mshono mmoja wa kuvutwa na pande nne. Palikuwa na kipande cha umbo la almasi, kimeshonwa mara mbili, ili goti lipande bila kuuliza ruhusa. Magoti yalikuwa na kitambaa maradufu. Kiuno kilikuwa cha mpira na kamba ya kufungia, kisicho na kifungo cha chuma cha kumchoma mtu tumboni chini ya mkanda. Chini ilibana kwenye kifundo. Kipimo kilikuwa chake Asubuhi Njema. Mtu aliyeishona alikuwa amewahi kupanda jiwe, au alikuwa amemsikiliza aliyepanda.

"Hiyo?" Muuzaji alimfuata. "Hiyo haitoki, mama. Wateja wanasema inafanana na ya wafungwa."

"Wateja," alisema Mwalimu, "wanasema mengi."

Aliishika. Alikuwa na nafasi ya kugeuka tu na kusema, chukua hii. Kutoka mbele ya duka ilimjia ile sauti ya asubuhi, imejaa asali, inamsimulia mteja mwingine kuhusu Jumamosi: "Napanda na mchumba wangu, bwana! Sisi wawili tu na kamba. Ukisikia Jumatatu redio iko kimya, ujue nimebaki huko juu." Mteja alikuwa akicheka. Muuzaji akakimbia kwenda kucheka naye.

Mwalimu alirudisha suruali ya rangi ya udongo nyuma ya makoti ya mvua, na aliporudi kwenye kiti chake Asubuhi Njema alikuwa ndani ya ya tatu.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, inang'aa kidogo, imembana kama ganda la ndizi. Magotini ilikuwa na vipande vya rangi nyeusi vilivyogundishwa kwa gundi, havikushonwa. Kwa pembeni kulikuwa na zipu ndefu, na pajani picha ndogo ya mlima, kwa ajili ya watu ambao vinginevyo wasingejua.

"Hii sasa," alisema muuzaji, mkono kifuani. "Hii imekuzaa."

"Imenizaa na kunilea," alisema Asubuhi Njema. Alijigeuza huku na huku. Halafu, kwa mzaha, akainua goti kama askari wa gwaride.

Goti lilifika kiunoni likaishia hapo. Mwalimu aliona alichokiona: mshono wa msamba ulikaza, uzi ukatokeza, na kitambaa pande zote mbili kikageuka cheupe kama kidole kilichofungwa uzi. Hakuhitaji maabara. Nguvu ilikuwa inavuta pande nne kwenye mstari mmoja wa uzi mwembamba, na mtu alikuwa bado hajainua goti hata nusu ya atakavyohitaji. Ingepasuka. Swali lilikuwa hatua gani tu.

Asubuhi Njema aligeuka akakipa kioo mgongo. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na redio ndani yake.

"Dada, niambie kweli. Mimi hizi sizijui. Nisije nikamharibia siku yake. Inafaa?"

Mwalimu alimtazama: nywele zilizokatwa vizuri, picha ya mlima pajani, uso wa mtu aliyezoea kupendwa akingoja apendwe tena.

"Ukiridhika wewe," alisema.

Haikuwa uongo. Alilipima jibu lake njiani kurudi nyumbani, akalikuta halina kosa. Hakuwahi kusema uongo darasani wala nje, na hakuwa ameanza leo. Mtu mzima amenunua suruali aliyoipenda kwa fedha zake. Debe tupu huvuma, na kama litapasuka, litapasuka kwa sauti. Siyo kazi ya mwalimu kulijaza.

*

Klabu yao ya kupanda miamba ilikuwa na desturi moja ambayo haikujadiliwa. Hakuna aliyekwenda Ukutani kabla hajapanda Jiwe Dogo pamoja na mwenzake wa kamba, mbele ya macho ya kiongozi. Kiongozi alisimama chini, akatazama, na mwisho alisema neno moja kati ya mawili: "Panda" au "Kaa". Aliyeambiwa akae alikaa. Wanaume wenye ndevu na vyeo walikuwa wamekaa kwenye nyasi zile wakitafuna vijiti kwa hasira, na hakuna aliyefungua mdomo. Desturi hiyo aliianzisha Mwalimu, na kiongozi alikuwa Mwalimu.

Jumamosi ilianza kavu. Mawingu yalikuwepo, lakini mbali. Asubuhi Njema alishuka kwenye gari, na wanaklabu wote, watu wenye akili zao, wakapiga kelele kwa pamoja, "Asubuhi njema!" kama watoto wa chekechea.

"Asubuhi njema, wapenzi wasikilizaji! Hali ya hewa: jua. Hali ya magoti: yanatetemeka."

Daktari wa meno, mtu mnene mwenye mzaha aliyekuwa naibu wa Mwalimu, alimzunguka akikagua. "Eh, suruali hiyo! Umekuja kupanda au umekuja kuposa?"

"Nimeshaposa. Nimekuja kupokea jibu."

"Jibu liko kule juu," daktari alionyesha Ukuta kwa kidevu. "Na halina haya."

Muuguzi alikuwa anajifunga mkanda. Alikuwa ametoka zamu na macho yalikuwa mekundu, lakini mikono yake ilikwenda haraka, kama ya mtu anayetandika kitanda cha elfu. Aliitazama suruali ya kijivu mara moja, kwa mkato, akamtazama dada yake. Dada alikuwa ameipitisha, basi.

Alitangulia yeye kwenye Jiwe Dogo, na Asubuhi Njema akashika kamba chini. Hapo Mwalimu alijisogeza karibu atafute kosa. Kama kosa lingekuwa la mkono, asingehitaji suruali. Alitazama mkono wa kulia, ule wa kuzuilia, ambao haupaswi kuiacha kamba hata nzi akiingia jichoni. Haukuiacha. Alitazama miguu: imetengana, goti limelegea, tayari kuvutwa. Aliitazama kamba: haikulegea mno, haikukaza. Jamaa hata hakuwa anaongea. Mwalimu alikutana na jambo hili kama mtu anayekuta chumvi kwenye chai. Alilimeza kwa sababu lilikwisha ingia kinywani.

Muuguzi alifika juu, akaketi ukingoni, akajifunga, akaanza kumvutia mwenzake kamba.

Asubuhi Njema alipanda vizuri hadi pale kwenye hatua ya juu. Pale kila mtu huinua mguu wa kushoto hadi usawa wa kiuno, akaukanyagia kwenye kijirafu cha jiwe, kisha akasimama juu yake. Aliinua. Goti liligoma kiunoni. Aliupeleka mkono chini, akavuta kitambaa, akainua tena kwa nguvu.

Ilisikika hadi kwenye magari. Haikuwa *chwaa* ndogo ya nguo ya kawaida. Ilianza msambani, ikapanda nyuma, ikashuka pajani hadi kwenye picha ya mlima, nayo ikagawanyika vipande viwili. Ndani alikuwa amevaa nguo ya manjano.

"Wasikilizaji," ilisema sauti kutoka mwambani, nene na tulivu, "tunakatiza matangazo yetu kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu."

"Jua limechomoza!" alipiga kelele daktari wa meno, na klabu nzima ikaanguka chini. Walicheka hadi wengine wakashikana. Mwalimu aliona, kwa mshangao baridi, kwamba hakuna hata mmoja aliyemdharau. Walikuwa wamempenda zaidi. Hesabu yake yote ya wiki ile ilikuwa imeishia kwenye suruali, na watu walikuwa hawaitazami suruali.

Muuguzi alimshusha taratibu, kisha akashuka baada yake, naye anacheka huku akijifuta macho. Alikuja akasimama mbele ya kiongozi, bado amefungwa kamba, akingoja neno.

"Kaa," alisema Mwalimu.

Kicheko kilikatika.

"Kitambaa kinachoning'inia kwenye mkanda kinaweza kuingia kwenye kifaa cha kamba," aliendelea. "Kikiingia, kamba inakwama au mkono unakwama. Mnajua wote. Hana suruali nyingine, na bukta haipiti kwenye ufa. Kaa."

Yote yalikuwa kweli. Muuguzi alitazama Ukuta, kisha mawingu, ambayo sasa hayakuwa mbali kama asubuhi. Hakubisha, desturi aliijua. Alianza kufungua fundo, na vidole vile vya haraka vilikuwa vimepoteza haraka yake.

"Hutakosa," alisema Mwalimu, kwa sauti ya chini. "Mimi nitapanda na wewe. Daktari atasimamia huku. Kama zamani."

Muuguzi aliinua uso. Kwa kitambo ulionekana uso wa mtu anayekaribia kushukuru, na Mwalimu alikwisha nyoosha mkono kuipokea kamba.

"Pole sana, mama," Asubuhi Njema alimwambia mchumba wake. Alikuwa amejifunga sweta kiunoni na hakuwa anatania tena. "Ni mimi. Nimekuharibia. Ningeangalia vizuri. Nilimuuliza dada mpaka mwisho, nikamwambia kabisa, nisimharibie siku yake, hii inafaa? Akasema ukiridhika wewe. Na mimi nikaridhika, mjinga mimi."

Muuguzi aliacha kufungua.

"Alisema nini?"

"Ukiridhika wewe."

Mdogo alikulia kwenye chumba kimoja na dada yake. Alijua dada yake husemaje anapopenda kitu: hutoa sababu, moja baada ya nyingine, mpaka uombe maji. Alijua pia kwamba mtu huyo hajawahi kumwachia mwenzake chaguo aliloliona kuwa zuri, awe anachagua shule, dawa ya mswaki au tikiti maji. Maneno "ukiridhika wewe" aliyasikia mara ya mwisho alipotaka kukata nywele zake mwenyewe kwa mkasi wa jikoni.

"Dada. Ulijua?"

Watu walianza kutazama viatu vyao. Mwalimu angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno fupi, na hakuna aliyemwona akiishika ile ya rangi ya udongo isipokuwa muuzaji mwenye utepe usiotumika. Lakini alikuwa ameijenga heshima yake yote, ndani na nje, juu ya kutosema neno hilo pale lisipofaa.

"Nilijua."

"Ulijua itapasuka."

"Sikujua hatua gani."

"Na kulikuwa na nyingine nzuri?"

"Ilikuwepo."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha."

Muuguzi alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya kazini akisoma joto la mgonjwa. Hasira ingekuwa bora. Alichokuwa nacho usoni, Mwalimu alikitambua mara moja, maana kilikuwa cha kwake; alikuwa akikivaa miaka yote kwa ajili ya watu wengine, na hakuwahi kukiona kikimjia kutoka mbele.

"Mimi nilikwambia ukiipitisha wewe nalala usingizi," alisema muuguzi. "Vua."

"Nini?"

"Suruali. Vua umpe. Wewe na yeye urefu ni mmoja. Kamba ya kiuno atafunga."

"Usiwe mtoto."

"Kiongozi amesema hana suruali nyingine. Sasa anayo. Nenda nyuma ya gari ukavue, dada, au nitapanda peke yangu bila kamba, na wewe utasimama hapa ukiwaeleza kwa nini vitu huanguka."

Daktari wa meno alikohoa, akaenda kufungua mlango wa gari, akageuza mgongo na kuushikilia wazi kama bawabu.

Mwalimu alikwenda. Nyuma ya mlango ule alivua suruali yake ya miaka mingi, iliyopauka magotini, na kuipitisha juu ya kioo. Upande wa pili mtu aliipokea.

"Asante, dada," alisema Asubuhi Njema. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia. "Nitaitunza." Kisha mkono wake ukapitisha ile ya kijivu, imekunjwa kwa uangalifu kana kwamba ilikuwa bado nguo, na sweta juu yake.

Alipotoka, amevaa ile ya kijivu na sweta kiunoni, walikuwa wamekwisha anza kupanda Jiwe Dogo upya. Goti la Asubuhi Njema lilifika kwenye kijirafu bila kusimama njiani. Wote wawili walishuka, wakaja, wakasimama mbele yake. Muuguzi hakumtazama usoni. Alitazama mahali fulani karibu na sikio lake, akingoja.

Mwalimu alitafuta sababu. Mkanda ulikuwa umefungwa sawa. Fundo lilikuwa sawa. Suruali ilikuwa nzuri kuliko zote uwanjani.

"Panda," alisema.

Waliondoka. Hawakugeuka. Baadaye kidogo muuguzi alikuwa kwenye ufa, goti limepachikwa, mwili umelala nyuma, anaupanda Ukuta kama mtu anayepanda ngazi ya kwao. Na chini yake mkono wa kulia wa mtu wa redio haukuiacha kamba. Kisha ikawa zamu yake. Alikuwa mzito kidogo mabegani. Kwenye ukingo wa pili alikanyaga kwa katikati ya kiatu badala ya ncha. Mwalimu aliliona kosa, akageuka amwonyeshe mtu, na mtu wa karibu alikuwa daktari wa meno, anakula karanga, macho juu.

Alijiweka sawa kwenye jiwe alilokalia. Hapakukalika.

"Vipi," aliuliza daktari bila kushusha macho, "inabana?"

"Kiunoni. Na mshono wa paja ni mnene mno. Mtu akikaa tu unamwingia. Gundi ya goti imeshaanza kubanduka." Alivuta sweta. "Nilijua."

"Ulijua," alisema daktari wa meno. "Ndiyo. Tumeshasikia."

Akasogea mbali kidogo, mahali panapoonekana vizuri zaidi.